Mwanamke Aliyempasha Moto Bwana Shauri

Wallahi haya yalinipata mimi mwenyewe. Mama akinisikia naapa hivi hunifinya sikio, kwa kuwa sisi ni watu wa kanisa, kwetu Rabai, na hiyo wallahi nimeiokota hapa Timbwani kwa majirani kama mtu aokotavyo kiroboto. Lakini niape kwa kitu gani mpate kuniamini? Nyote mnanijua. Mimi ndiye niliyemwambia mwalimu wa darasa la nne kwamba nimechelewa kwa sababu babu yangu amejifungua. Mimi ndiye niliyempigia hodi bibi arusi dirishani kwa sauti ya mamake mume, mpaka akatoka amevaa nguo ndani nje. Kwa hiyo nikianza kusema kitu, watu huanza kucheka kabla sijafika mwisho.

Hiki msikicheke. Si kwamba nitakasirika, mimi siku hizi sikasiriki. Nikikisimulia sisikii chochote moyoni, si hofu, si uchungu. Nakisimulia kama dobi anavyohesabu mashuka. Nyinyi nisikilizeni tu, mwishoni nina swali nataka kuwauliza, na ndilo lililonifanya nifungue mdomo.

Mimi ni mpiga ngoma. Nina ngoma mbili. Moja ni vumi, ile ngoma nene yenye sauti ya chini, inayomwingia mtu tumboni kabla haijafika masikioni. Ya pili ni chapuo, ndogo, ya kupakata. Ngozi ya vumi ilitoka kwa mbuzi wetu wenyewe, beberu mmoja mkorofi, anatembea kidevu juu, anakula leso za watu kwenye kamba bila kuuliza, na ukimfukuza anakutazama kama wewe ndiye mwenye makosa. Nikampa jina Bwana Shauri, maana yule mkubwa wa serikali aliyekuwa akija kutukagua alikuwa na ndevu zizo hizo na mwendo uo huo. Siku alipochinjwa, arusi ya kakangu, watu waligombea paja. Mimi nikaomba ngozi. Nikampelekea fundi akaiwamba. Na niaminini, yule mbuzi alilia vizuri zaidi baada ya kufa. Jina likabaki. Chapuo nikaiita Karani, kwa sababu inasema harakaharaka, hakuna anayejua inasema nini, na haianzi mpaka Bwana Shauri ameanza.

Nilizipenda sana ngoma zile. Sijui niseme vipi mnielewe. Bwana Shauri alikuwa akijifunika leso yangu nzuri, mimi najifunika gunia. Nikirudi kisimani, kabla sijatua ndoo vizuri nishaweka viganja juu ya ngozi yake. Simpigi. Naweka tu. Ngozi ya ngoma ina habari zake, mwajua? Asubuhi ina baridi na unyevu, adhuhuri imekaza, jioni inalegea kidogo kama mtu aliyeshiba. Mimi nilikuwa najua saa kwa viganja vyangu.

Katika hali hiyo ndipo Katana alipokuja kunichumbia. Katana ni kijana wa kwetu Rabai, kazi yake kupakua meli kule Kilindini, na mnyororo wa winchi ulikuwa umekwisha mla ncha ya kidole cha kati, mkono wa kulia. Alikaa kwenye mkeka wa mama, akatazama ngoma zangu, akaniuliza:

"Ukiolewa, hizi zitalala wapi?"

"Kitandani."

"Na mimi?"

"Wewe unajua kulia kama vumi?"

"Sijui."

"Basi utalala chini mpaka ujifunze."

Hakucheka. Akaaga, akatoka, akafika kule kwenye mnazi, ndipo nikasikia kicheko chake. Kilikuwa kimemchelewa. Nikasema, huyu namtaka.

Sasa sikilizeni. Wakati huo ulikuwa wa vita. Bandari imejaa meli za vita, na kukatoka amri ya giza. Jua likitua, hakuna taa, hakuna moto nje, hata sigara njiani hakuna, ndege za adui zisije zikauona mji. Askari wa doria akiona mwanga kwenye ua wako, anaingia na ndoo ya maji na matusi, na havikosi kumfikia mtu vyote viwili. Niambieni sasa, ngoma hupashwa na nini kama si moto? Ngozi ikipata unyevu hulegea. Ndiyo maana penye ngoma huwashwa makumbi ya nazi, ngoma zikaelekezwa motoni mpaka ngozi ikaze.

Na sisi wapiga ngoma tuna adabu yetu. Mwenye kuipasha ngoma ndiye mwenye kuipiga mkono wa kwanza. Awe bibi kizee asiyejua kupiga hata mlango, atapewa. Atapiga kidogo, watu watamtilia vigelegele, ndipo mwenye ngoma aipokee. Ni shukrani yake kwa kukaa na moshi.

Wakati wa giza tulikuwa tukicheza mchana, jua ndilo moto wetu. Lakini siku hiyo ninayowaambia ilikuwa masika, kikundi chetu cha wanawake kilialikwa arusi Mtongwe, na mvua ilinyesha tangu tulipoondoka Timbwani. Ngoma nilizifunika kwa leso, leso nikaifunika kwa mkeka, mkeka nikaufunika kwa mwili wangu. Bure. Na watu wa bibi arusi nao hawakuwa tayari, mara nywele, mara hina haijakauka, mpaka magharibi ikatukuta uani hatujapiga hata mkono mmoja. Mvua ikakatika. Giza likaingia, giza lile la vita, ambalo mtu unamjua kwa sauti na kwa asmini aliyovaa tu. Ua umejaa wanawake, na hapana uso hata mmoja.

Kingine ni kwamba hatukuwa peke yetu. Wenyeji walikuwa na kikundi chao, wanawake wa Mtongwe, na nyinyi mnajua vikundi vya ngoma vikikutana inavyokuwa. Wao ngoma zao zilishinda ndani, kavu. Zikalia vizuri, sikatai. Ikafika zamu yetu. Nikampiga Bwana Shauri.

Pwa.

Sauti moja gizani ikasema, "Mamangu! Timbwani wametuletea godoro!"

"Ndiyo, tumekuja kuwalaza!" nikamjibu. Wetu wakacheka. Lakini nikampiga tena. Pwa.

"Si godoro, shoga. Mtu kakalia mkate wa maji."

Ua mzima ukacheka, na wetu nao nikawasikia wanajizuia. Bi Mishi, kiongozi wetu, mwanamke asiyejua kunong'ona, akaninong'oneza mpaka Mtongwe nzima ikasikia:

"Mwanangu, mpashe!"

"Kwa moto gani, Bi Mishi? Nimtie kinywani?"

"Hata kwa mikono!"

"Tangu hapo ndiyo nafanya. Ni kama kumbembeleza samaki."

Ndipo nikahisi mtu kakaa kando yangu mkekani. Sikusikia hatua. Hakuwa na asmini wala udi kama wenzake. Alikuwa na harufu ya jivu, jivu la mekoni lililomwagiwa maji. Nikadhani katoka jikoni. Wewe ungedhani nini?

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu." Sauti ya mwanamke wa makamo, imechoka kidogo, haina ubaya wowote. "Ngoma yako yaona baridi."

"Yaona haya, mama. Haijazoea wageni."

Hakucheka. Akasema, "Nikupashie?"

"Kwa kitu gani? Moto umekatazwa."

"Niletee tu."

Nikampa. Nani atakataa, huku watu wa Mtongwe wanauliza kama godoro letu lina kunguni? Nikamhisi akimpakata Bwana Shauri, akainama juu yake, akajifunika leso yeye na ngoma pamoja, kama mtu anayenyonyesha barazani. Kisha akaniambia:

"Lete mikono yako hapa. Nijue ngozi inataka joto gani."

Nikaingiza mikono chini ya leso. Akaviweka viganja vyangu juu ya ngozi, akavifunika kwa mikono yake. Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Mikono yake haikuwa na baridi. Haikuwa na joto pia. Ilikuwa kama mtu kakufunika kwa upawa wa mbao, basi. Akawa anavumavuma puani, kama anamlaza mtoto. Nami nikahisi ngozi ya Bwana Shauri inaanza kukaza chini ya viganja vyangu, inapata joto taratibu, joto tamu, mpaka nikasahau kama kuna arusi.

"Yatosha," akasema.

Nikatoa mikono. Nikagonga ngozi kwa ukucha. Ikajibu, ti, kali kama ya adhuhuri ya kaskazi.

"Mkono wa kwanza ni wako, mama," nikamwambia. Ni adabu. Ndivyo nilivyofunzwa, na hata leo sijui ningesema nini kingine.

Akapiga. Alipiga hivi: ndu. Kisha kimya, kimya kirefu kidogo, kama mtu aliyefika mlangoni akakumbuka kitu. Kisha, ndu-ndu.

Haikuwa kwa nguvu. Lakini hakuna aliyetia kigelegele. Yule mwenye maneno ya godoro nilimsikia akisema polepole, "Huyo nani?"

Akanirudishia ngoma, nikapiga. Wallahi sijapiga vile maishani. Bi Mishi alicheza mpaka akapoteza kiatu, na watu wa Mtongwe wakaingia uwanjani mwetu wakacheza kwa ngoma yetu, jambo ambalo hata leo wanalikana. Tulisimama adhana ya isha ilipolia. Nikageuka nimshukuru yule mama, hayupo. Nikapapasa mkeka. Mkeka wote umelowa, ila pale alipokuwa amekaa, pale pakavu, na vidole vyangu vikaondoka na vumbi laini.

Njiani mikono ilikuwa imekufa ganzi. Sikujali. Mpiga ngoma yupi hafi ganzi?

Asubuhi nikainjika chai. Maji yakachemka, nikaipua sufuria mafigani, nikaibeba mpaka mlangoni. Mama akapiga ukelele.

"Mikono! We mtoto, mikono!"

Nikaitazama. Ngozi ya viganja imenyanyuka, inatoa moshi kidogo. Nikasema, "Kumbe." Nikatua sufuria pale pale, nikamwuliza kama sukari ipo.

Mama alilia, akanipaka mafuta ya nazi, akanifunga vitambaa. Mimi nilikuwa namtazama anavyofunga, kama anafunga kifurushi cha mtu mwingine. Nilijichoma mwiba mwenyewe, kiganja chote, nikikaa peke yangu. Hakuna kitu. Nilikuwa nauona mwiba ukiingia, basi.

Na Bwana Shauri? Bwana Shauri alikuwa na joto. Mvua inanyesha nje, kuta zina jasho, na yeye amekaza kama katoka motoni sasa hivi. Mimi simhisi, mama ndiye aliyeniambia. Alimgusa akaondoa mkono haraka. "Ngoma hii ina homa," akasema.

Jumapili baada ya kanisa Katana akaja. Mimi niko nyuma ya nyumba nakuna nazi, nauangalia mkono usije ukajikuna wenyewe. Katana akaingia ndani, akanikosa, na kwa uchokozi wake, kwa kuwa anajua nimemkataza, akaenda akamkalia Bwana Shauri.

Mimi nilianguka kifudifudi kwenye nazi. Uzito wa mwanamume mzima ulikuwa juu ya viganja vyangu. Nikapiga kelele, "Toka! Toka kwenye mikono yangu!"

Akatoka mbio. Akanikuta nimepiga magoti, mikono hewani, haina kitu.

"Nani kakukanyaga?"

"Wewe."

"Mimi nilikuwa ndani."

"Umekaa wapi?"

Akanitazama, akatazama mlango. Nikamwambia, "Rudi ndani. Funga. Mguse."

Akaenda akafunga. Nikakaa na chicha langu mapajani. Mara nikahisi, katikati ya kiganja.

"Kidole!" nikamwambia. "Sasa viwili. Sasa unachora duara, acha utoto. Sasa umeweka kile kifupi."

Mlango ukafunguka. Katana alikuwa amepauka. Nilimwonea huruma, yaani nilijua kwamba hapa mtu angeona huruma.

Ndipo tulipojua. Viganja vyangu havikufa, vimehamia kwenye ngozi ya Bwana Shauri. Paka wa jirani akilala juu ya ngozi ile, mimi nikiwa sokoni namhisi anavyokoroma. Nzi akitua, namjua. Lakini mkono huu hapa, huu ninaowaonyesha, mtu aushike, autie maji ya moto, auombee, mimi sina habari nao. Mama alipokata tamaa akanishika mikono yote miwili akalia, nilikuwa nasikia sauti yake tu.

Mimi na Bi Mishi tukarudi Mtongwe kuuliza. Watu wa bibi arusi wakasema, yule alikuwa wa upande wa mume. Watu wa mume wakasema, la, tulidhani shangazi yake bibi arusi. Tukamfikia mwenye nyumba, bibi mmoja mwenye heshima zake, akatushangaa.

"Si mtu wenu huyo?"

"Wetu?" Bi Mishi akasema. "Kwa nini awe wetu?"

"Aliingia nyuma yenu. Mlipokuja na ngoma, yeye alikuwa wa mwisho. Nikamwambia karibu, akasema, niko na ngoma ile. Nikampisha."

Bi Mishi akageuka akaangalia nyuma yetu, na njia nzima mpaka Timbwani akawa anageuka.

Mama alitaka Bwana Shauri achomwe. Alikwisha kusanya kuni.

"Choma, mama," nikamwambia. "Lakini ujue nitaungua kwa moto ambao sina pa kuutoa mkono."

Akaziacha kuni zikanyeshewa. Fundi naye, yule aliyewamba, alimkagua, akasema anaweza kuitoa ngozi ile. Huenda mikono ikarudi kwangu. Huenda isirudi tena popote. Akaniuliza nachagua nini, kisu kiko mkononi. Nyinyi mngechagua nini? Nilikuwa nimebakiwa na pahali padogo pa kuhisi dunia, mduara kama wa ungo mdogo. Nikamwambia arudishe kisu.

Tangu siku hiyo Bwana Shauri simpigi, nani atajipiga? Arusini naenda na Karani peke yake. Na watu wananisifu! Wanasema nimekuwa fundi kuliko zamani, mkono haukosei. Mimi naitazama mikono inavyopiga, naona watu wanavyorusha mabega, nangoja imalizike. Ni kama kuangalia mvua ukiwa ndani.

Katana akanioa. Nilimpa nafasi ya kukimbia, nikamwambia, utashika mkono wa mwanamke asiyejua kama umemshika. Akasema, "Basi nitakushika kule uliko." Na ndivyo alivyofanya. Kila jioni akirudi kutoka bandarini, kabla ya kunisalimu, anaenda kwa Bwana Shauri, anafunua leso, anaweka kiganja. Mimi nikiwa jikoni, nikiwa uani, namhisi. Mkono mkubwa, mgumu, ule mkono wa minyororo, na pale kati kidole kinaishia mapema. Anakaa hivyo kidogo. Majirani walisema tunaabudu ngoma. Waseme. Nawaambia kweli, kwa siku nzima hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa nakisikia, na kilikuwa kinatosha.

Vita vikaisha. Taa zikarudi, makumbi yakarudi kuwashwa uani. Nikadhani na hili limekwisha, limebaki la kuishi nalo tu.

Masika haya haya tuliyonayo, mchana mmoja, niko kisimani na wanawake wenzangu. Nimeshika kamba ya ndoo, naitazama ili nijue kama nimeishika. Mara kiganja. Mkono mkubwa, mgumu, kati kidole kifupi. Kimetulia.

Nikawaambia wenzangu, "Mume wangu kawahi kurudi leo."

"Umejuaje? Umemnusa?"

"Mume wa mtu hunuswa, shoga? Tena wa bandarini?"

Wakacheka, nikajitwika ndoo nikaenda. Njia nzima mkono uko pale. Nikafika mlangoni. Mlango una kufuli. Na ufunguo wa kufuli ile ni mmoja, na ulikuwa kwenye pindo la leso yangu, nimeufunga mwenyewe asubuhi.

Nikasimama na ndoo kichwani. Mkono wa mume wangu uko ndani, umeweka kiganja juu yangu, haubanduki. Nikasema, "Katana?"

Kisha ukainuka. Ukapiga. Ndu. Kimya, kimya kirefu kidogo, kama mtu aliyefika mlangoni akakumbuka kitu. Ndu-ndu.

Masikio yangu hayakusikia chochote. Viganja ndivyo vilivyosikia. Nikafungua kufuli. Ndani hamna mtu. Bwana Shauri amekaa pahali pake, leso imemfunika vilevile nilivyoipanga, haina hata kunyanzi. Na chumba kina harufu ya jivu.

Katana alirudi jua linatua. Nikamwuliza, "Ulipita nyumbani mchana?"

"Kwa miguu ya nani? Tulikuwa ndani ya meli tangu alfajiri."

Akaenda kama kawaida, akafunua leso, akaweka kiganja. Nilimhisi, vizuri kabisa, na ncha fupi na yote. Yeye akaangalia mkono wake. Akaubonyeza kwenye ngozi. Akaubonyeza tena.

"Mke wangu," akasema, "mkono huu tangu adhuhuri kama si wangu. Nilidhani nimeulalia. Hebu niambie, nimeuweka?"

"Umeuweka."

"Sawa," akasema. Akakaa chini. Nikampa chai, kikombe kikamponyoka, tukakiangalia.

Sasa anafanya kazi na minyororo kwa mkono mmoja unaojua na mmoja usiojua. Kila asubuhi akiondoka naangalia vidole vyake, kila jioni navihesabu. Wala hamgusi tena Bwana Shauri. Katana amehamia upande mwingine wa chumba, nami nimebaki kule niliko, na joto la ngoma ile, mama anasema, limezidi.

Basi, ndiyo hayo. Ngoma yako ikilegea, iache ilegee. Watu wakucheke, wakuite godoro, rudi nyumbani ukalale. Mtu akikaa kando yako gizani akasema nikupashie, mwulize kwanza moto wake ameutoa wapi. Na ukija kwangu Timbwani, karibu sana, mkeka upo, chai ipo, mizaha ipo. Lakini usimwekee Bwana Shauri mkono.

Na sasa lile swali. Siku ya arusi yetu nyumba ilijaa, na wengi wenu mlikuwapo. Nilikuwa nimekaa ndani nimefunikwa, siwaoni, lakini niliwahisi mmoja mmoja mnavyopita mkimpapasa Bwana Shauri, mnaambiana, "Mguse, mguse, kumbe kweli ana joto." Mikono mingi. Mingine naikumbuka hata leo.

Hebu niambieni, mikono yenu haijambo?